Ukurasa wa Kaniki

Kwetu leo ni Jumanne. Jana ilikuwa Jumanne, na nisipofanya ninalopaswa kulifanya, kesho nayo itakuwa Jumanne. Mwanangu Sikudhani yuko juu ya paa. Alipanda akiwa na miaka kumi na mmoja, na miguu yake inayoning'inia ukingoni mwa bati sasa ni mirefu kuliko yangu. Alisema hashuki mpaka njiwa wake Kaniki arudi. Kaniki hatarudi. Anayelijua hilo ni mimi peke yangu, kwa sababu nilimzika kwa mikono yangu nyuma ya choo, nikaweka tofali juu, nikanawa, nikaingia jikoni kuchochea moto kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Nimekuambia mapema, mama mwenzangu, ili usisome huku unanionea huruma. Huruma iweke pembeni. Nakuandikia ili nawe uangalie kama huna tofali nyuma ya choo chako. Sina elimu ya kumfundisha mtu. Niliishia darasa la saba, na somo lililonishinda lilikuwa hesabu, jambo la kuchekesha ukijua kwamba kilichoniponza ni kuhesabu. Nikirudia maneno unisamehe. Anayeishi siku moja hana pa kuyapata mapya.

Mji wetu hauna jina. Nadhani uliwahi kuwa nalo, likaandikwa kwenye kibao pale njiani, mvua ikalifuta, na kila mtu akadhani mwenzake analikumbuka. Lakini una njiwa. Siyo njiwa wa kuchinja, wala wa kubeba barua. Wetu ni njiwa wa kichwangomba. Unawafungulia alasiri, wanapaa kundi zima, wanazunguka mpaka wanakuwa punje za mtama angani. Halafu mmoja anajigeuza kinyumenyume, kichwa chini mkia juu, mara moja, mara kumi, kwa haraka kiasi kwamba mabawa huyaoni tena. Unaona kifundo cha uzi kinadondoka kutoka juu. Unashika kifua. Kisha anasimama. Anakunjua mabawa kama mtu anayekung'uta nguo, anarudi kwa wenzake, na wenzake hawamuulizi alikuwa wapi.

Kwa nini wanafanya vile hakuna ajuaye. Nimewauliza watu wa njiwa wote na kila mmoja ananijibu lake. Wengine wanasema ni ugonjwa wa kurithi ambao sisi tumeuita uzuri. Wengine wanasema ni furaha. Mume wangu Mbaruku, Mungu amrehemu, alikuwa akisema swali lenyewe ni la mtu aliye chini. Huko juu halipo. Mimi lilinikaa shingoni. Je, anaanguka au anajiangusha? Kwa sababu kama anaanguka, basi kuna kitu kinachomwangusha, na kitu hicho kinaweza kuwa kinanitazama na mimi nikipepeta mchele. Na kama anajiangusha, basi ni lazima ajue mahali pa kusimama. Nani alimwonyesha mahali hapo? Huko juu hakuna ukuta, hakuna alama, hakuna hata mti. Kuna hewa tu, na hewa ya juu na ya chini zinafanana. Nilikuwa naweza kuyawaza haya mpaka ugali ukashika chini.

Kila nyumba yenye njiwa ina daftari. Unaandika jina la njiwa, saa aliyopaa, mara alizopinduka, kina alichofika, na saa aliyotua. Kina hatukipimi kwa kamba. Mwenye daftari anagonga jalada kwa kidole, moja, mbili, tatu, tangu njiwa anapojigeuza mpaka anaposimama. Njiwa wa kawaida ni sita, saba. Wa kina ni kumi na tano na kuendelea. Na ukurasa haufungwi mpaka kila aliyepaa ameandikiwa saa ya kutua. Hiyo ndiyo sheria inayotushika wote, kwa kuwa katika mji huu tarehe ya nyumba inafuata daftari lake. Usipofunga ukurasa huvuki siku. Jua linazama kama kawaida, jogoo anawika, linachomoza, na ni Jumanne ileile.

Jirani yangu Bi Zamda, anayefuga njiwa wanne wavivu wasiopita tano, yuko Ijumaa. Sijui ni Ijumaa ya ngapi. Ananisalimia kwa juu ya uzio wa makuti.

"Shoga, nyie bado Jumanne? Sisi tumekula sikukuu, tumeumwa matumbo, tumepona."

Ananiletea nyanya, kwa sababu gulio letu ni Alhamisi na Alhamisi haijafika kwangu. Nyanya zake zikivuka uzio zinarudi kuwa za kijani. Nazipanga dirishani hivyohivyo, za kijani, safu kwa safu.

Mbaruku aliliacha daftari hili safi. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa mkono wake mnene kwamba uandike ulichokiona wala siyo ulichokitaka, kwamba wa kina usimwoze kwa wa kina, na kwamba njiwa aliyeshindwa kusimama aandikwe kwa penseli nyekundu siku hiyohiyo. Yeye aliandika wanne kwa nyekundu katika maisha yake, na kila mara alimwita Sikudhani aone. Mtoto wa miaka mitano anaonyeshwa njiwa aliyevunjika shingo. Niligombana naye. Akasema mtoto akiona anaelewa, asipoona anabuni. Hata ilipofika zamu yake, kifua kimembana, alimwita mtoto kitandani akamwambia kwa mdomo wake kwamba safari hii baba hatainuka. Sikudhani alilia siku tatu, siku ya nne akaomba uji.

Kwa hiyo nilijua. Shika neno hili, mama mwenzangu, nitalirudia. Nilijua kwamba mtoto anaweza.

Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Sikudhani alipozaliwa nilihesabu pumzi zake akiwa amelala. Alipoanza kutembea nilihesabu hatua, kidole kikigonga paja langu: moja, mbili, tatu, nne, akakaa. Nilihesabu punje za mahindi alizomeza, kikohozi, wenzake aliocheza nao, dakika za kwenda kisimani na kurudi. Nilidhani ninachokihesabu hakiwezi kupotea. Mbaruku alipoondoka na daftari likawa langu, nilijiona nimefika. Hatimaye kazi ambayo wasiwasi wangu uliifaa.

Nikafanya kosa la watu wa njiwa, ambalo watu wa kuku na watu wa mbuzi hawawezi kulifanya. Tulikuwa na dume aitwaye Doa, kina kumi na nane. Tulikuwa na jike aitwaye Mkufu, kina ishirini. Kila nilipoandika ishirini nilijiuliza ishirini na moja inafananaje. Siyo kwamba nilitaka sifa. Nilitaka kuona. Nikawaweka kwenye banda moja, nikageuza daftari ili ukurasa wa kwanza usinitazame.

Mayai mawili. Moja viza. La pili, Kaniki.

Alitoka mweusi kwa weusi unaong'aa kama kaniki mpya ambayo haijafuliwa, na ndiyo jina Sikudhani alilompa. Mama yake Mkufu alimsusa, basi mtoto wangu akamlea, akimtafunia mtama na kumlisha kwenye kiganja. Kaniki alilala ndani ya mkono wa gauni lake la shule. Alikuwa wake kabla hajawa wa daftari.

Nakunakilia ukurasa mmoja uone.

Kaniki. Amepaa saa kumi. Amepinduka mara saba. Kina, kumi na nne. Ametua saa kumi na moja kasorobo, begani kwa Sikudhani.

Halafu kumi na tisa. Halafu ishirini na mbili. Ndipo lilipozuka lile swali lingine, kubwa kuliko la kwanza. Siku moja nilipaliwa na mate nilipofika kumi na mbili, na Kaniki akasimama palepale, kumi na mbili. Nikashtuka. Kesho yake nikanyamaza makusudi kwenye tano. Akasimama kwenye tano. Siku ya tatu nikanyamaza kwenye tisa, naye akaendelea mpaka kumi na sita. Kwa hiyo si kweli, nikajiambia. Au ni kweli, ila siku ile kidole changu kiliendelea kugonga chini ya meza bila mimi kukituma.

Nahesabu kwa sababu anaanguka, au anaanguka kwa sababu nahesabu?

Kaa na swali hili uone linavyokufanya. Nilikuwa nafua huku nalo. Kama nahesabu kwa sababu anaanguka, mimi ni mtu mdogo tu aliyekaa kwenye kigoda na kuandika mambo makubwa yanayopita. Kama anaanguka kwa sababu nahesabu, basi kidole hiki chenye kovu la kisu kina nguvu ya kumshusha kiumbe kutoka juu na ya kumsimamisha. Nani asingependa kujua ana kidole cha namna gani? Nilikitazama. Nilikinusa. Kilinuka kitunguu.

Jumanne hiyo, ya kwanza, nilimtuma Sikudhani mashineni kusaga mahindi. Kabla hajaondoka aliniomba Kaniki asifunguliwe mpaka arudi, maana naye alitaka kuona. Nikamwitikia. Aliponyanyua debe akatokomea, nilikaa kwenye kigoda na daftari magotini. Saa kumi ikafika. Foleni ya mashineni, nilijua, ni ndefu. Nikafungua banda.

Alipaa peke yake. Alipaa mpaka nikampoteza, nikampata, nikampoteza. Kisha akajigeuza.

Moja. Mbili. Kidole. Jalada. Kumi. Mviringo mweusi, wa duara kabisa, hakuna bawa linalochomoza. Kumi na tisa. Naweza kunyamaza. Ishirini na mbili. Naweza kunyamaza sasa. Ishirini na tano, hakuna mtu aliyewahi. Ishirini na saba. Mdomo ni wangu. Kidole ni changu. Ishirini na tisa, naona paa la Bi Zamda nyuma yake, kwa nini naliona paa nyuma yake. Thelathini. Thelathini na moja.

Thelathini na mbili haikutoka mdomoni mwangu. Ardhi ndiyo iliyoitaja, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyetua kikapu.

Nilikwambia nyuma ya choo. Nilikwambia tofali.

Sikudhani aliporudi, unga umemjaa kwenye kope, aliniuliza Kaniki yuko wapi. Nikamwambia nimemfungulia. Nikamwambia bado yuko juu. Maneno matatu. Yalitoka laini, yakakaa vizuri, nikashangaa jinsi yalivyokuwa mepesi. Nikaandika:

Kaniki. Amepaa saa kumi. Amepinduka mara moja. Kina, nafasi. Ametua, nafasi.

Mtoto akachukua mkebe wa mtama akautikisa, maana njiwa wakisikia mkebe hushuka. Akautikisa mpaka giza. Zamani tulikuwa na njiwa mweupe wa kushushia wenzake, tukimwita Bibi Harusi. Ulikuwa unamweka juu ya paa, na walio angani wakiuona weupe wake wanajua nyumbani ni wapi. Bibi Harusi alikuwa ameliwa na kicheche. Sikudhani akaingia ndani, akatoka na shuka jeupe la baba yake, akajifunga, akaegemeza ngazi.

"Mama, Kaniki ataniona mimi," akasema, akapanda.

Sikumzuia. Nilijiambia usiku utamshusha. Njaa itamshusha. Jumatano ana mtihani, utamshusha. Lakini Jumatano haikuja.

Tangu hapo nampelekea chakula kwa kikapu na kamba. Kikapu kinashuka kitupu, na ndani yake kuna swali. Mwanzoni yalikuwa maswali ya mtoto. Kaniki akichoka anaegemea wapi? Huko juu kuna maji? Kichwa kikiwa chini na anga likiwa miguuni, anaona sisi ndio tunaoanguka? Nilimjibu yote. Nilimjibu kwamba yapo mawingu magumu ya kupumzikia, kwamba anakunywa ukungu. Kila jibu liliomba lingine la kuliegemeza, nami nikawa najenga huko juu nyumba nzima ya njiwa asiyekuwepo, vyumba, baraza, mpaka nikaanza kuwa na hamu ya kujua yanayotokea ndani yake.

Kisha sauti iliyokuwa ikishuka na kikapu ikawa nzito. Maswali yakanigeukia.

"Mama, wewe ulianza kuogopa lini?"

Nikamwambia ale, ugali unapoa.

"Siyo kwa ubaya. Nataka kujua tu. Ulizaliwa nao woga, au ulifundishwa na mtu?"

Amenirithi. Nilivuta kamba.

Sasa nikueleze siku aliyokuja mkaguzi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Bwana Kasembe, mkaguzi wa madaftari, ni mtu mrefu mwenye darubini shingoni na muhuri mfukoni. Kwa kuwa anapita nyumba hadi nyumba, asubuhi moja anavuka siku nyingi. Akitoka kwa Bi Zamda ana mvi na anachechemea, akiingia kwetu mvi zinapungua. Alikaa kwenye kigoda changu akainyoosha miguu.

"Kwenu mgongo hauniumi, mama. Ningehamia."

Akafungua daftari. Akauliza kwa upole nafasi hizi mbili mbona tupu. Nikamwambia bado yuko juu. Akanyanyua darubini, akalipekua anga lote bila haraka, akaishia kwenye paa letu, akatulia hapo. Halafu akasema kuna maneno yanatembea. Jirani anadai kwamba alikisikia kidole kikigonga mpaka thelathini na moja.

"Jirani ana masikio ya Ijumaa," nikasema.

Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba katika madaftari yote aliyoyapiga muhuri hajaona zaidi ya ishirini na nne. Kama huyo wa thelathini na moja aliinuka baada ya hapo, angelibeba daftari langu nyumba kwa nyumba watu walishike. Lakini kama hakuinuka, hana kina. Anaandikwa kwa nyekundu na namba yake inapigwa mstari.

Nikauliza kwa nini ipigwe mstari ilhali ameanguka kweli, nilimwona, nikajisahihisha upesi, nilitaka kusema mtu angemwona.

"Hatupimi kuanguka, mama. Kuanguka hata jiwe linaweza. Tunapima kurudi."

Akaiweka penseli nyekundu juu ya benchi, sijui kwa kusahau. Akatoa daftari lake mwenyewe la ukaguzi, akatazama tena paani kwa darubini, akaandika. Nilisoma kwa pembeni. Aliandika: Yuko mmoja ambaye hajatua. Mweupe. Hajaonekana kupinduka hata mara moja.

Nilitaka kumwambia kwamba yule siyo njiwa, yule ni mwanangu. Mdomo ukakataa. Kwa sababu nilitazama juu nikaona alichokiona yeye: kitu cheupe, kimya, ukingoni, kimekaa tayari kwa miaka. Hajawahi kufeli mtihani kwa kuwa Jumatano haikufika. Hajawahi kuachwa na mtu, kugombana na mwajiri, kuunguza chungu cha watu. Hana kovu. Nilikuwa nimefanikiwa kabisa, mama mwenzangu. Hajaanguka hata mara moja.

Mkaguzi aliondoka. Mvi zikamrudia pale getini.

Nilikaa na penseli ile mpaka nikajisemea ukweli, nao si ule niliokuwa nikijilisha. Nilikuwa nikisema nilimficha ili asiumie. Lakini nilijua kwamba anaweza, nilikwambia nitalirudia. Alimzika baba yake, siku ya nne akaomba uji. Sikumficha Kaniki kwa ajili yake. Nilikificha kidole. Nilimweka mtoto juu ya paa la nyumba yake mwenyewe ili mtu asinione nikiwa na miaka arobaini na miwili nahesabu thelathini na moja.

Hapo niliiweka barua hii chini; yanayofuata nimeyaandika baadaye. Naogopa ngazi. Sikuwahi kupanda ile. Nilibana daftari kwapani, penseli nikaishika kwa meno, nikapanda nikitazama matofali ya ukuta. Nilipochomoza kichwa, alikuwa amenigeukia. Nilimwona usawa wa macho kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na kope za unga. Mwanamke mzima. Uso umeiva kwa jua, mikunjo midogo pembeni ya macho kwa kutazama mbali. Umri wake siujui. Siku ya kuzaliwa kwake haijawahi kuangukia Jumanne.

"Mama, usilikanyage bati lile," akasema. "Limeoza."

Nikakaa alipoonyesha. Nikafungua daftari magotini. Alipoiona rangi ya penseli alijua kuna aliyekufa, maana alifundishwa rangi ile na baba yake.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ya Kaniki."

Upepo ulilinyanyua shuka, akalishika.

"Lini?"

"Leo. Saa kumi na robo. Ulikuwa umekwenda mashineni."

"Ulisema utanisubiri."

"Sikukusubiri."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ngapi?"

Nikamwambia. Akageuza uso, akatazama juu kama alivyozoea, kisha akakumbuka kwamba huko hakuna kitu, akatazama mikono yake.

"Mpaka mwisho alikuwa anapinduka vizuri, au alikuwa amevurugika?"

"Vizuri. Kama gurudumu la cherehani."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Hapo ndipo wasiwasi wangu wote ulikuja kunisaidia kwa visingizio vilivyopangwa kama nyanya dirishani. Kwamba sikujua kama kunyamaza kungesaidia. Kwamba aliumbwa hivyo, ni damu ya Doa na Mkufu. Kwamba labda. Nikaviacha.

"Nilitaka kuona," nikasema.

Nilitegemea anitukane. Ningelipokea tusi kwa mikono miwili.

"Hata mimi ningetaka kuona," akasema. "Ungenisubiri tukaona wote." Halafu, taratibu, "Nilikuwa namwonea huruma, Mama. Mvua zote hizi nilikuwa nadhani ana baridi."

Akanipokonya penseli. Akaandika thelathini na moja, akaipiga mstari mmoja ulionyooka kama wa baba yake. Kwenye nafasi ya kutua akaandika saa kumi na robo. Akapuliza ukurasa kama unavyopulizwa wino, ingawa ilikuwa penseli. Akageuza.

Sikujua kama Jumatano ina sauti. Ilianza dirishani, vipovu vidogo vikipasuka, nyanya zikigeuka nyekundu safu kwa safu, na za zamani zaidi zikaoza palepale zikadondoka. Nguo kwenye kamba zikapauka. Ng'ambo ya uzio Bi Zamda alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemkaribisha mgeni aliyechelewa chakula, "Haya, mmefika."

Sikudhani alishuka kwanza, akanishikia ngazi. Miguu yake ilipogusa chini ilitetemeka. Hakuniuliza ni wapi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya choo, maana uani kwetu tofali lisilo na kazi ni moja tu. Akalinyanyua. Palikuwa na pete ya mguuni, ile ya bati tunayowavisha njiwa, na unyoya mmoja ambao udongo uliukataa. Pete haikuingia kwenye kidole chake. Akachana uzi kwenye shuka, akaitunga, akaifunga kifundoni mwa mkono. Hakuniambia nimesamehewa. Nami nakuonya usitegemee neno hilo. Ukilisubiri utakuwa umefungua ukurasa mwingine.

Alinawa miguu. Akavaa gauni langu, likamfika magotini.

"Mama, mtu akitoka hapa, kesho iko upande gani?"

"Sijui. Baba yako alikuwa akianzia kushoto."

Alifikiri. Akatoka getini, akashika kulia.

Nilibaki kwenye kigoda na daftari magotini. Moja, kidole kikagonga jalada. Mbili. Tatu, mgongo wake umenyooka, kisigino kimekanyaga jiwe, akayumba. Nne.

Nikakishika kile kidole kwa mkono wa pili, nikakikalia. Kilirukaruka chini yangu kama kinda. Sijui alipiga hatua ngapi mpaka kwenye kona.